Picha za Harusi: Someni Mkataba Kabla ya Kutoa Arubuni

Mfunguo Mosi ukishaandama, harusi hufuatana katika miji yetu ya pwani, na mpiga picha, kama mpishi na mpambaji, huwekewa siku mapema. Mpishi huulizwa kilo za mchele na idadi ya mbuzi. Mpambaji huonyeshwa rangi ya kitambaa. Mpiga picha hutumiwa nusu ya malipo kwa M-Pesa, akatajiwa tarehe, basi. Na iwapo atatoa karatasi ya mkataba, hutiwa saini bila kusomwa, ingawa yeye ndiye atakayetoka na kitu kitakachobaki miaka mingi baada ya pilau kusahauliwa.

Harusi yetu si tukio moja. Kuna nikahi msikitini, kuna walima, kuna hina, na kuna usiku wa kupamba, ambapo bi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenziwe, naye pamoja na waalikwa wamevua mabuibui. Mlangoni pana mama aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya simu, wala hamwonei haya mtu. Simu zote huzuiwa, lakini kamera moja huruhusiwa kupita, nayo hutoka na mamia ya picha za watu wasiojua zinakwenda wapi.

Familia nyingi hutosheka kwa kuuliza kama mpiga picha ni mwanamke. Hilo ni swali la kwanza tu. Ni nani atakayezihariri? Si ajabu studio ikawa na binti anayeshika kamera na kijana wa kiume anayekaa mbele ya kompyuta. Albamu itachapishwa wapi, na mikononi mwa nani? Picha zitahifadhiwa katika kompyuta ya nyumbani au ya dukani, inayotumiwa na kila mfanyakazi? Kompyuta hiyo ikiharibika, itapelekwa kwa fundi gani? Maswali haya yaulizwe kwa upole, kwani mwenye kazi safi hayamuudhi, kisha majibu yaandikwe. Sentensi moja yatosha: picha na video za usiku wa kupamba zitapigwa, kuhaririwa na kuchapishwa na wanawake pekee, hazitaonyeshwa kwa mteja mwingine wala kutiwa mtandaoni, na nakala zote zitafutwa baada ya miezi mitatu tangu albamu kukabidhiwa. Jina la mpiga picha mwenyewe litajwe, pamoja na la atakayeshika nafasi yake akiugua. Mkataba unaotaja studio peke yake huipa studio ruhusa ya kumleta yeyote.

Kuna kifungu kingine ambacho hujificha mwishoni, kwa herufi ndogo: kwamba picha ni mali ya studio, nayo yaweza kuzitumia katika matangazo. Maharusi wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeanza upande wao. Kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mwenye kutia saini kifungu kile, basi, anairudisha haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Kifutwe, na pande zote mbili zitie saini pembeni. Na kwa kuwa mara nyingi mjomba ndiye anayelipa, mkataba useme wazi kwamba waagizaji ni bibi na bwana harusi.

Ama waalikwa, wao hawakutia saini lolote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu sura ya mtu kuwa habari zake binafsi. Mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Dada aliyeiona picha yake katika ukurasa wa studio anaweza kulalamika kwa Kamishna huyo.

Kuhusu fedha, studio nyingi huandika kwamba arubuni hairudishwi. Katika mauzo, jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, hawakukubali muuzaji kuimeza arubuni pale mnunuzi anapoghairi, Mahanbali waliruhusu. Muulizeni sheikh wenu kuhusu kazi ya ujira kama hii. Kwa upande wangu, naona uadilifu ni kupanga kwa ngazi: anayeghairi miezi miwili kabla arudishiwe sehemu kubwa, anayeghairi wiki ya harusi asidai kitu, kwa kuwa mpiga picha amekwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili yake. Na studio ikishindwa kufika, irudishe zote.

Saa za kazi nazo huleta ugomvi usio wa lazima. Mkataba wa saa sita ukianza kuhesabiwa saa kumi alasiri, bi harusi akiwa bado saluni, utakwisha saa nne usiku, pengine kabla hajatolewa nje. Andikeni saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na bei ya kila saa ya ziada. Tarehe ya kukabidhi albamu pia.

Mambo yakiharibika, wengine hukimbilia kwa Kadhi. Katiba imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo na mpiga picha haumo, hata ukitokana na ndoa. Mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inayotakiwa na sheria kutoa hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Aende na mkataba, ujumbe wa malipo wa M-Pesa, na mazungumzo yote ya simu aliyoandikiana na studio, bila kufuta hata moja.