Uliyosomea usiyatupe, yalete dukani

Leo nawaletea stori ya hapahapa Chimala.

Binamu yangu anasoma sanaa za maonyesho TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Likizo iliyopita alirudi na mabegi yote.

"Kaka, mimi sirudi chuo. Nikimaliza nani ataniajiri kuigiza? Bora niuze mchele kama wewe."

Shangazi alikuwa ameshauza mpunga wake kulipa ada. Nyumbani hapakukalika.

Sikumwambia acha wala endelea. Nilimpa simu yangu: "Nitangazie mchele wiki mbili kwanza, halafu tuongee."

Video zangu zote zilianza "karibuni wateja wangu wapendwa", watu wanapita tu. Yeye alifanya hivi:

1. Alifanya mazoezi. Alirudia maneno mara tano kabla ya kurekodi. Mimi nilikuwa narekodi mara moja na kurusha.

2. Alianza na shida ya mteja. "Mama, wali umekuwa bokoboko na wageni wako mlangoni?" Alisema jukwaani ukimpoteza mtazamaji mwanzoni, kumrudisha ni kazi.

3. Alijali sauti na mwanga. Tulirekodi asubuhi nyuma ya nyumba, mbali na malori ya barabara kuu. Akamimina mchele kwenye ungo karibu na simu, mpaka ukausikia.

Hatukutajirika. Ila kwa mara ya kwanza nilipata oda za watu nisiowajua, wa Iringa na Dar, tukawatumia kwa basi.

Mwisho wa wiki mbili nilimfungulia daftari: bei ya gunia, nauli ya mzigo, bando, faida inayobaki kwa kilo. Akakaa kimya. "Kumbe hata huku kuna njaa yake."

Amerudi Bagamoyo kumaliza. Ila sasa anatengenezea wafanyabiashara wadogo matangazo ya simu, kwa malipo. Mteja wa kwanza nilikuwa mimi, na nililipa, undugu pembeni.

Hata Lupita Nyong'o alianza kusomea filamu na kufanya kazi nyuma ya kamera, ndipo akaenda Yale kusomea uigizaji. Alimaliza 2012, na 2014 akachukua Oscar. Njia ikikata kona, uliyojifunza nyuma unakwenda nayo.

Kama unataka kuacha masomo uingie biashara, jaribu kwanza wakati wa likizo, na hesabu ziwe kwenye daftari.

Wewe ulisomea nini, na kinakusaidiaje kuuza? Tuambie hapo chini.