Kupima Kina cha Bahari kwa Sauti

Leo nasema nanyi hasa mlioko Karagwe na Kyerwa. Labda mmoja wenu atauliza: "Sisi tu watu wa vilimani, wakulima wa ndizi na kahawa. Bahari yatuhusu nini?" Swali jema. Maji ya Mto Kagera huingia Ziwa Viktoria. Katika ziwa hilo hutoka Mto Naili, ambao huelekea Bahari ya Mediterania. Na mashindano tutakayoyasimulia leo yalimalizikia katika bahari hiyo hiyo.

Mtu wa mtumbwi hutumbukiza mti mrefu ili ajue kina cha maji. Lakini kina cha bahari chaweza kupita mita 4,000. Zamani mabaharia waliteremsha kamba yenye kitu kizito mwishoni. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, na ilipima mahali pamoja tu.

Siku hizi hupimwa kwa sauti. Ukisimama bondeni ukaita, kilima hukujibu. Huo ndio mwangwi. Vivyo hivyo chombo hupeleka sauti chini, nayo hugonga sakafu ya bahari ikarudi. Katika maji ya bahari sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde.

Hebu tufanye hesabu. Sauti imerudi baada ya sekunde 4. Basi imekwenda mita 6,000, kushuka na kupanda. Nusu yake ni 3,000. Kina ni mita 3,000.

Kujua kina kwafaa nini? Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi makubwa yaitwayo tsunami yakavuka Bahari ya Hindi. Walikufa watu zaidi ya 200,000, na wengine wao katika pwani yetu ya Tanzania. Penye kina cha mita 4,000 mawimbi hayo huenda kama kilomita 700 kwa saa. Penye maji machache hupunguza mwendo. Basi ajuaye kina aweza kukadiria saa yatakapofika, na watu wakaonywa waondoke ufuoni.

Lakini sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ilikuwa haijapimwa. Kwa hiyo Desemba 2015 yalitangazwa mashindano ya mataifa yote, yaliyoitwa Shell Ocean Discovery XPRIZE. Zawadi zote pamoja zilikuwa dola milioni 7 za Marekani. Sharti la mwisho lilikuwa gumu: kupima angalau kilomita za mraba 250 kwa saa 24, penye kina cha hadi mita 4,000, pasipo mtu ndani ya chombo. Jaribio hilo lilifanyika mwaka 2018 karibu na Kalamata, Ugiriki.

Tarehe 31 Mei 2019 washindi walitangazwa. Ni GEBCO-Nippon Foundation Alumni Team, watu wa nchi mbalimbali waliosomea kupima bahari. Walipata dola milioni 4. Chombo chao kimoja kilikwenda juu ya maji bila nahodha, na kingine kilizama kikapima kule chini.

Kazi bado ipo. Mwaka 2024 ilikuwa imepimwa kama robo tu ya sakafu ya bahari zote. Shabaha ni kumaliza mwaka 2030.

Ndugu, kipimo kisichoandikwa hupotea. Mkulima aandikaye mwenyewe kilo za kahawa yake mbele ya mzani hafanyi kazi ndogo. Afanya ile ile ya watu wa Kalamata: apima, aandika, ahesabu. Na mwenye hesabu yake hadanganywi kwa urahisi.

Maswali ya darasa:
1. Sauti imerudi baada ya sekunde 2. Kina ni mita ngapi?
2. Ajuaye kina cha bahari awezaje kuokoa watu?

Andikeni katika madaftari: kina, mwangwi, sakafu, sharti.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.