Potasiamu Katika Majivu ya Tshopo

Potasiamu, metali yenye alama ya K na namba atomia 19, haionekani ikiwa peke yake mahali popote katika maumbile, kwa sababu atomi yake ina elektroni moja tu katika tabaka la nje, nayo huiachia kwa wepesi mno kila inapokutana na oksijeni au maji. Kipande chake hukatika kwa kisu cha kawaida, hung'aa kwa muda mfupi kisha kufifia. Kikitupwa majini huelea, huku kikitoa hidrojeni inayowaka kwa mwali wa zambarau, na ndiyo maana maabara huihifadhi ndani ya mafuta ya taa.

Mwaka 1807, mkemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga kwa mara ya kwanza kwa kupitisha umeme ndani ya potasi, yaani alikali iliyotokana na majivu ya mimea. Watu wa mto Kongo walikuwa na ujuzi wao wa majivu hayo: mimea ya majini ilikaushwa na kuchomwa, majivu yakawekwa katika chombo chenye matundu na kumwagiwa maji, kisha maji yaliyochujika yakachemshwa hadi ikabaki chumvi yenye kloridi ya potasiamu kwa wingi. Mgonjwa wa figo anapaswa kujihadhari na chumvi ya namna hii, kwa kuwa potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo.

Majivu ya mashada ya michikichi yaliyokwisha kutolewa matunda nayo yana potasi nyingi, na maji yake yakipikwa pamoja na mafuta ya mawese hutoa sabuni laini, tofauti na sabuni ngumu ya magadi makali, ambayo asili yake ni sodiamu.

Lakini jambo zito zaidi limo ardhini. Huko Yangambi, katika jimbo la Tshopo nchini Kongo, magharibi ya Kisangani, ambako kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1933, udongo umechakaa kwa mvua ya miaka mingi na hushika rutuba kidogo sana, kiasi kwamba sehemu kubwa ya potasiamu ya msitu imo ndani ya mimea yenyewe. Mkulima anapofyeka na kuchoma, huirudisha ardhini kwa mkupuo mmoja, na muhogo na migomba, mimea inayoihitaji mno, hustawi kwa misimu michache. Hata hivyo chumvi za potasiamu huyeyuka upesi, na katika eneo linalopata takriban milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, majivu yaliyorundikwa wazi huchujwa kabla mizizi haijafaidika. Ni hasara kubwa kuyaacha hivyo, ilhali yakikusanywa yakiwa makavu na kutandazwa kidogo kidogo kuzunguka mashina ya migomba, pamoja na maganda ya ndizi yaliyooza, hurudisha sehemu ya kile kilichoondoka na mkungu uliopelekwa sokoni Kisangani.