Wanawake Walivyopata Nafasi Katika Mbio za Mitumbwi za Olimpiki

Mbio za kasi za mitumbwi zimo katika ratiba rasmi ya Michezo ya Olimpiki tangu Berlin, mwaka 1936. Hufanyika kwenye maji yaliyotulia, kwa vyombo vya aina mbili. Katika kayaki, mchezaji huketi akitazama mbele na hutumia kafi lenye bapa kila upande. Katika mtumbwi, hupiga goti moja na hutumia kafi lenye bapa moja, akilivuta upande mmoja tu. Kayaki ina usukani unaoongozwa kwa miguu. Mtumbwi hauna, hivyo mchezaji huunyoosha kwa kafi hilohilo.

Herufi K huwakilisha kayaki na C mtumbwi. Tarakimu inayofuata ni idadi ya wachezaji.

Wanawake waliruhusiwa kushindana kwa kayaki mwaka 1948, jijini London. Mtumbwi, hata hivyo, uliendelea kuwa wa wanaume pekee hadi Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambako Nevin Harrison wa Marekani alitwaa dhahabu ya kwanza ya C1 mita 200 kwa wanawake.

Miaka mitatu baadaye, jijini Paris, Katie Vincent wa Kanada alimshinda Harrison kwa sekunde 44.12 dhidi ya 44.13. Katika michezo hiyo, mbio zote 10 ziligawanywa sawa: tano za wanaume na tano za wanawake. Mlango uliofungwa kwa miaka 85 ulikwishafunguliwa, na tofauti iliyobaki ni ya kasi majini.