NASA ilivyogeuka mteja

Septemba 16, 2014, Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitangaza washindi wa zabuni ya kusafirisha wanaanga wake. Boeing ilipata mkataba wa hadi dola bilioni 4.2, SpaceX wa hadi bilioni 2.6. Kazi ilikuwa ileile kwa wote wawili: kukamilisha chombo, kukijaribu kikiwa na watu ndani, kisha kupeleka wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa safari zisizozidi 6. Wakati ule Boeing ndiye aliyeonekana mkandarasi wa kuaminika, na SpaceX mgeni wa kujaribiwa.

Marekani ilikuwa na haraka. Vyombo vyake vya zamani, Space Shuttle, vilistaafishwa Julai 2011, na tangu hapo kila mwanaanga wake alipanda Soyuz ya Urusi. Muuzaji akishajua kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda, bei haikai. Kiti kimoja kilichouzwa takribani dola milioni 21 katikati ya miaka ya 2000 kilipita milioni 80 ndani ya muongo mmoja na ushee.

Dawa iliyochaguliwa haikuwa tu kuzipa kampuni binafsi fedha za umma. Kampuni za Marekani zimekula fedha za NASA tangu enzi za Apollo. Kilichobadilika ni namna ya kulipa. Chini ya mikataba ya zamani, serikali ililipa gharama zote zilizojitokeza, kisha ikaongeza faida juu yake. Yeyote aliyewahi kujenga nyumba kwa fundi wa kulipwa kwa siku anajua mwisho wake: ukuta haufiki lenta. Katika utaratibu mpya, bei ilipangwa mapema na malipo yakatolewa kila hatua ilipokamilika. Gharama zikizidi, mkandarasi anatoboa mfuko wake mwenyewe. Na chombo kinabaki mali yake. NASA inanunua safari.

Utaratibu huo ulianza na mizigo mwaka 2006. Rocketplane Kistler, mmoja wa washindi wawili wa awali, ilishindwa kupata mtaji binafsi iliouahidi, na mwaka 2007 NASA ikavunja makubaliano. Nafasi yake ilichukuliwa na Orbital Sciences mwaka uliofuata. Kwa upande wa abiria, fedha za kwanza zilitoka 2010: dola milioni 50 tu, zikagawanywa kwa kampuni 5. Blue Origin ya Jeff Bezos iliondoka na milioni 3.7. Kufikia 2012 waliofadhiliwa walikuwa watatu, Boeing, SpaceX na Sierra Nevada, wakigawana zaidi ya bilioni 1.1. Sierra Nevada, aliyeachwa 2014, alikata rufaa na kushindwa Januari 2015.

Bunge la Marekani nalo lilikuwa na mkono mzito. Kwa mwaka wa fedha 2012 serikali iliomba dola milioni 850 kwa ajili ya mpango huu. Ikapewa kama milioni 406. Wabunge haohao ndio waliolalamika kwamba fedha za walipa kodi zinakwenda Moscow.

SpaceX ilirusha wanaanga wa kwanza Mei 30, 2020, Doug Hurley na Bob Behnken, na tangu wakati huo chombo chake, Dragon, kimekuwa usafiri wa kawaida. NASA imeiongezea safari hadi 14, na mkataba ukakua kufikia karibu dola bilioni 4.9. Starliner ya Boeing ilikosa kituo Desemba 2019 kwa sababu ya saa yake kusomeka vibaya. Juni 2024 ilifika na Butch Wilmore na Suni Williams, lakini injini ndogo za kuiongoza zilileta hitilafu na heliamu ikavuja. Chombo kikarudishwa kitupu. Wawili hao wakarejea Machi 2025 ndani ya Dragon. Boeing imekwishaandika hasara inayozidi dola bilioni 2.

Kwa mlipa kodi, hapo mfumo umefanya kazi yake, kwani hasara hiyo imebebwa na wanahisa. Hata hivyo, "bei isiyobadilika" iliwahi kubadilika. Mwaka 2019 mkaguzi mkuu wa NASA alieleza kwamba Boeing iliongezewa dola milioni 287.2 juu ya bei ya mkataba, na SpaceX haikupewa nafasi kama hiyo.

Ahadi nyingine ilikuwa soko: NASA iwe mteja mmoja kati ya wengi. Wateja wapo, na matajiri wachache wameshapanda. Lakini tazama orodha ya abiria wa Axiom, kampuni inayouza viti vya Dragon. Mwaka 2023 walikuwamo Rayyanah Barnawi na Ali AlQarni, waliogharimiwa na Saudi Arabia. Mwaka 2025 India, Poland na Hungary zilipeleka watu wao. Hazina za serikali ndizo zinazolipa bado. Tofauti ni kwamba sasa ziko nyingi.

Tatizo ni kwamba muuzaji amebaki mmoja. Juni 5, 2025, katika ugomvi wake na Rais Donald Trump, Elon Musk wa SpaceX alisema angeondoa Dragon kwenye huduma, akabadili kauli saa chache baadaye. Saa hizo zilitosha kuonyesha Marekani ilipo: imetoka mikononi mwa Moscow, ikaingia mikononi mwa mtu mmoja. Kuwalipa wakandarasi wawili kulikosolewa kuwa ni ubadhirifu. Bila uamuzi huo, aliyechaguliwa yamkini angekuwa Boeing peke yake, na Marekani ingekuwa bado inanunua viti vyote kwa Warusi. Novemba 2025 NASA ilipunguza safari za Boeing kutoka 6 hadi 4, na ikapanga inayofuata ibebe mizigo tu.