Steem: soko lilipopiga kura kwa sarafu za wateja

Mtandao wa Steem ulianzishwa mwaka wa 2016 kwa ahadi kwamba hautakuwa na bosi. Watu waliandika makala, wakalipwa kwa sarafu ya kidijitali yenye jina hilohilo, na viongozi wakachaguliwa kwa kura. Mwaka wa 2020, wiki tano zilitosha kuigawa jamii hiyo mara mbili.

Steem ni blokucheni, yaani daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Wanaolisimamia huitwa mashahidi, na walio juu ni 20. Kura haihesabiwi kwa vichwa: mwenye sarafu nyingi ana kura nzito.

Shida ilianzia hapo. Kampuni ya Steemit, iliyouanzisha mtandao, ilishika karibu moja ya tano ya sarafu zote, ilizozipata siku za mwanzo kabla ya watu wengi kuingia. Ilisema fungu hilo ni la kuendeleza mtandao, na haikulitumia kuchagua mashahidi. Lakini tarehe 14 Februari 2020 ilitangazwa kwamba Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa Tron, ameinunua kampuni hiyo.

Mashahidi waliingiwa na hofu. Siku chache baadaye walibadilisha programu ili fungu hilo lisiweze kupiga kura wala kuhamishwa. Kwa Sun, huko kulikuwa kumzuilia mali aliyoinunua.

Jibu lilikuja tarehe 2 Machi. Masoko makubwa matatu ya sarafu za kidijitali, Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura kwa sarafu walizoweka wateja wao. Mashahidi wote 20 wakaondolewa, wengine wakashika nafasi zao. Wateja hawakuulizwa. Tena, sarafu zinazopiga kura hufungwa, na wakati huo kuzitoa zote kulichukua wiki 13. Baada ya malalamiko makali, Binance na Huobi waliondoa kura zao.

Tarehe 20 Machi, sehemu kubwa ya wanajamii walinakili daftari na kuanzisha mtandao mwingine, Hive. Kila mwenye Steem alipewa Hive kwa kiasi kilekile, isipokuwa fungu la Steemit na baadhi ya waliounga mkono upande wa Sun. Nao mashahidi wapya wa Steem, tarehe 20 Mei, walichukua sarafu zipatazo milioni 23.6 kutoka akaunti 64. Thamani yake ilikuwa karibu dola milioni 5.

Pande zote mbili, basi, zilipopata nguvu zilifunga au kunyima mali ya wapinzani. Anayetaka kununua sarafu ya namna hii aulize kwanza mambo mawili: ni nani mwenye fungu kubwa, na ni nani anayeshika funguo. Aliyeziacha sarafu zake sokoni ameliachia soko kura yake pia.