Wanaovuka Ruzizi ili Wasishike Bunduki

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Nyantende, kusini ya Bukavu, akatazama mashariki, huiona milima ya Rwanda ng'ambo ya bonde la Ruzizi. Mto huo watoka katika ziwa Kivu, washuka kwa kishindo kati ya mawe mpaka tambarare ya Kamanyola, kisha waenda taratibu kuingia ziwa Tanganyika. Sehemu ya juu ni mpaka wa Kongo na Rwanda. Sehemu ya chini ni mpaka wa Kongo na Burundi. Siku za amani mto huu ni maji tu. Siku za vita hugeuka kuwa mlango: upande huu kijana huitwa ashike bunduki, upande ule huhesabiwa mkimbizi.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kusema juu ya vijana wapitao katika mlango huo. Wazee hubishana sana kwa ajili yao. Mmoja asema, "Hao ni waoga, wamewaacha mama zao." Mwingine ajibu, "Wana akili, maana maiti haimlimii mama shamba." Je, Mkristo aseme nini?

*Jambo hili si geni*

Mwaka 1914, Vita Kuu ya kwanza ilipoanza huko Ulaya, ziwa Kivu na mto Ruzizi vilikuwa mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Mwezi wa Septemba mwaka ule Wadachi walikitwaa kisiwa cha Idjwi. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yakavuka mpaka, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Huku kwetu hapakuwa na reli wala barabara za motokari. Risasi, unga, vyuma vya mizinga, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Waandishi wa historia hutaja wapagazi wapatao 260,000 walioandikwa kwa ajili ya majeshi ya Wabelgiji katika vita ile.

Kwa Waingereza mambo yalikuwa vivyo hivyo. Yadhaniwa kuwa wapagazi wao waliokufa walikaribia 100,000, na wengi waliuawa na kuhara na homa, si risasi. Hata leo mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam wachukua jina lake kutoka jina la Kiingereza la kikosi kile cha wapagazi. Watu wengi wanunuao mchele sokoni pale hawakumbuki kwamba wanakanyaga mahali pa kambi ya wabeba mizigo ya vita.

Basi watu walifanya nini? Palipo na msitu, waliingia msituni. Palipo na mpaka karibu, waliuvuka. Katika Afrika ya Magharibi sheria ya Wafaransa ya mwaka 1912 iliruhusu vijana watwaliwe kwa nguvu kuwa askari. Vita ilipodai watu wengi zaidi, makundi ya watu kutoka Côte d'Ivoire, na kutoka nchi iitwayo leo Burkina Faso, yalihamia Gold Coast, yaani Ghana ya sasa. Wengine wa Senegal waliingia Gambia. Kukimbia jeshi si tabia ya kabila moja wala ya kizazi kimoja. Ni jibu la watu wadogo wanapoitwa wafe kwa ajili ya ugomvi wasioujua mwanzo wake.

*Vita ya siku zetu*

Mwaka 1996 vita iliingia Kivu, na majeshi yaliyokwenda mpaka Kinshasa yalichukua watoto wengi, hata watu wakawapa jina la kadogo. Mwezi wa Agosti 1998 vita ya pili ikaanza. Tangu hapo vikundi vya silaha vya kila namna vimewatwaa vijana, wengine kwa ahadi ya mshahara, wengine kwa fimbo. Miaka ile watu wengi wa Kivu ya Kusini walivuka ziwa Tanganyika, wakapata mahali katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996.

Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Katika majuma machache watu zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Burundi. Wengi walipita Ruzizi, wengine juu ya vyelezo vya kujitengenezea, na wako waliokufa maji. Wengi walikaa kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kina mama wakipika mahali vijana walipozoea kuchezea.

Hatusemi kwamba wote hao walikimbia kuandikwa askari. Wengi walikimbia risasi na njaa. Lakini kijana wa Kivu ana hofu moja zaidi ya hofu za wengine, maana hana upande mmoja tu wa kumwita. Hawa humwambia, njoo uilinde nchi. Wale humwambia, njoo uikomboe. Na wengine hawamwambii neno, humfunga kamba tu. Akikubali upande mmoja, upande wa pili humhesabu adui, na baba yake na dada zake pamoja naye.

Nchi nyingine ya Afrika imeonja machungu haya kwa namna yake. Huko Eritrea sheria ya mwaka 1995 iliweka utumishi wa taifa wa miezi 18. Baada ya vita na Ethiopia, iliyopiganwa tangu 1998 hata 2000, miezi ile ikawa miaka isiyojulikana mwisho. Vijana wengi mno wakavuka kwenda Sudan na Ethiopia. Tarehe 25 Mei 2014 maaskofu wanne Wakatoliki wa nchi ile walitoa barua ya kichungaji, wakaipa kwa jina swali lile ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya nduguye. Waliona nchi yao inaishiwa na watoto wake.

*Mtakatifu aliyelikimbia jeshi*

Wakristo wengi wamjua Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars, msimamizi wa maparoko. Wachache wajua kwamba aliwahi kutafutwa na serikali kwa kosa la kulikimbia jeshi.

Mwaka 1809 Napoleon alikuwa akipigana huko Uhispania, naye alihitaji watu. Vianney alikuwa mwanafunzi wa upadre, na wanafunzi wa namna hiyo waliachwa. Lakini jina lake halikutiwa katika orodha, akaitwa. Akaugua, akalazwa Lyon, kisha Roanne, na kikosi chake kikaenda bila yeye. Akiwa njiani kukifuata alikutana na mtu aliyemwongoza milimani mpaka kijiji cha Les Noës. Akakaa huko kwa jina la kupanga, akawafundisha watoto kusoma, akajificha askari walipopita. Mwaka 1810 Kaisari alitoa msamaha kwa wakimbizi wa jeshi, naye akarudi kwao. Alipewa daraja la upadre mwaka 1815, na mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Yuko na mwingine wa bara letu hili, Mtakatifu Maximilian wa Tebessa, katika nchi ya Algeria ya leo. Tarehe 12 Machi mwaka 295 aliletwa mbele ya liwali wa Roma apimwe urefu wake kuwa askari. Alikuwa na miaka 21. Alikataa kwa sababu ya imani yake, akakatwa kichwa. Huyu hakukimbia, alisimama. Mmoja alijificha, mmoja alikufa, na Kanisa lawaheshimu wote wawili.

Lakini habari ya Vianney ina sehemu ya pili ambayo watu hupenda kuiruka. Ndugu yake mdogo, François, aliingia jeshini mahali pake. Huyo hakurudi nyumbani tena.

Hapo ndipo penye mwiba wa jambo hili. Atwaaye watu huwa na hesabu anayotaka kuitimiza. Yohane akikosekana, hushikwa François. Kijana wa Nyantende akivuka, aliyebaki ni mdogo wake wa miaka kumi na minne, au mtoto wa jirani asiye na baba wa kumfanyia shauri.

*Kanisa lafundisha nini*

Kanisa halisemi kwamba kila askari ni mtu mbaya. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kwamba wale wanaoitumikia nchi yao jeshini kwa haki ni walinzi wa usalama na uhuru wa watu. Pia ulifundisha kwamba yafaa sheria ziwafikirie kwa utu wale ambao dhamiri yao yawakataza kushika silaha, nao wakubali kuwatumikia watu kwa njia nyingine. Na amri ya kuwaua wasio na hatia haina haki kutiiwa, hata ikitoka kwa nani.

Basi kijana anayekataa kuwa muuaji hatendi dhambi. Anayewafundisha watoto kusoma ng'ambo ya mto, anayelima, anayewahudumia wagonjwa, huyo ameitumikia Afrika. Lakini anayevuka akawasahau mke na wazazi, akala na kulewa huko, asijifiche nyuma ya neno dhamiri. Mzigo alioutua mpakani, mama yake ameubeba.

Twamjua mama huyo. Ndiye alimaye maharage na mihogo peke yake, ndiye apandaye kilima na kapu la ndizi mgongoni kwenda kuuza Bukavu, ndiye aulizwaye usiku, "Mwana wako yuko wapi?" Vita ya wanaume walioondoka yapiganwa na yeye kila siku, bila bunduki na bila mshahara.

*Mambo yafaayo kufanywa*

Kwanza, wazazi, hakikisheni umri wa watoto wenu umeandikwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kabisa mtoto wa chini ya miaka 18 kuandikwa katika jeshi au kikundi cha silaha. Na Mahakama ya kimataifa ya The Hague, mwaka 2012, ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kifungo cha miaka 14 kwa kuwatia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Lakini sheria yahitaji ushahidi. Mtoto asiye na cheti cha serikali aweza kuwa na jina lake katika kitabu cha Ubatizo cha parokia. Ombeni cheti cha Ubatizo mapema, mkiweke pamoja na vyeti vya shule, na nakala yake ikae kwa ndugu wa mbali.

Pili, mtoto asivuke peke yake. Mto wa usiku una maji yenye nguvu, na kando yake wako watu wanaouza njia kisha wakauza na msafiri. Familia zilizotengana ziende kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yake mojawapo ni kuwatafuta ndugu waliopotezana katika vita.

Tatu, aliyevuka ajiandikishe kwa wapokeaji wa wakimbizi, wala asichukue silaha. Mapatano ya nchi za Afrika ya tarehe 10 Septemba 1969 yamlinda pia mtu aliyekimbia vita na ghasia za nchi yake, wala hayamlazimishi kurudi mahali pa hatari. Lakini ulinzi huo si wa mpiganaji. Ajikumbushe na neno la wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apendaye kupokewa vema asingoje kupewa jembe, aliombe.

Nne, sisi tuliobaki. Mashirika ya Kikristo ya mtaani yaijue kila nyumba isiyo na mwanamume, na siku ya kulima watu waanzie huko. Mtu asiuze shamba la aliyekimbia, wala asisogeze mpaka wake gizani. Wala asiwepo wa kumtaja mtoto wa jirani kwa wanaotafuta vijana, ili wake apone.

*Yosefu aliamka usiku*

Tarehe 1 Agosti 1952 Papa Pius XII aliandika waraka mkubwa juu ya wahamaji na wakimbizi. Ndani yake aliitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano na kinga ya kila familia ikimbiayo kwao. Yosefu hakungoja kuche. Alimchukua Mtoto na Mama yake, akaenda nchi ya wageni kwa sababu mfalme alitaka damu. Hakuna Mkristo amwitaye Yosefu mwoga.

Lakini tukumbuke mambo mawili. Siku ile Bethlehemu walibaki kina mama waliolia, na Kanisa halijawasahau watoto wao mpaka leo. Tena Yosefu hakukaa Misri daima. Alipoambiwa kwamba hatari imekwisha, aliinuka akarudi, na huko Nazareti alimfundisha Mwana kazi ya mikono.

Mama wa Nyantende, ukisali Rozari usiku, umtaje kwa jina lake aliye ng'ambo ya Ruzizi, na aliyetwaliwa mahali pake umtaje vilevile. Kisha asubuhi, ukipita kwenye shamba la jirani yako aliye peke yake, shuka na jembe lako, umlimie japo matuta mawili.